Kivinjari kinajifunga ghafla au hakisasishiki: dalili, visababishi na hatua za kuchukua

Swali linalorudi kila mara ni hili: "Kivinjari kimejifunga ghafla nilipofungua tovuti fulani. Je, nimedukuliwa?" Mara nyingi sana jibu ni hapana. Anayenitia wasiwasi zaidi ni yule asiyeuliza: kivinjari chake hakigandi, hakijifungi, kinafungua kila kitu vizuri, ila ni toleo la miezi mitano iliyopita. Shambulizi lililotengenezwa kwa ustadi halipigi kelele. Mshambuliaji anataka kivinjari kiendelee kufanya kazi, maana kikijifunga naye hukosa alichokifuata.

Kwa hiyo, kabla ya dalili yoyote, shika hili: usalama wa kivinjari hupimwa kwa namba ya toleo, si kwa jinsi kinavyokwenda.

Kosa lenyewe ni lipi

Vivinjari vikubwa vimeandikwa kwa sehemu kubwa kwa lugha ya C++, ambayo humwachia mwandishi wa programu kazi ya kuomba nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kuitumia, kisha kuiachia. Makosa yanayojirudia ni ya namna tatu. Programu inaandika data nje ya nafasi iliyopewa. Au inakichukulia kitu cha aina moja kana kwamba ni cha aina nyingine, jambo linalotokea sana kwenye injini za JavaScript, yaani sehemu zinazoendesha msimbo wa kurasa za wavuti. Au inaendelea kutumia nafasi iliyokwisha kuachiwa, kama mpangaji aliyehama akabaki na ufunguo: akirudi anafungua chumba chenye vitu vya mtu mwingine. Mshambuliaji hujitahidi kuwa yule aliyeweka vitu vipya mle chumbani, ili kivinjari kikirudi kikute maagizo yake na kuyatekeleza.

Mwaka 2020 mradi wa Chromium, msimbo ambao Chrome imejengwa juu yake, ulieleza kwamba takriban asilimia 70 ya dosari zake kubwa za usalama zilitokana na makosa ya kumbukumbu, na karibu nusu ya hizo zilikuwa za namna hii ya tatu. Ndiyo maana Mozilla iliingiza sehemu zilizoandikwa kwa Rust, lugha inayozuia makosa mengi ya kumbukumbu, ndani ya Firefox 57 mwaka 2017, na mradi wa Chromium nao ukatangaza mwaka 2023 kwamba utaruhusu lugha hiyo. Lakini msimbo wa zamani bado ni mwingi mno, na masasisho ya dharura yanaendelea kutoka.

Anza hapa, dalili iwe ipi

Soma namba ya toleo, na uisome yote. Kwenye Chrome andika chrome://settings/help kwenye sehemu ya anwani. Kwenye Edge ni edge://settings/help. Kwenye Firefox fungua menyu, nenda kwenye usaidizi, kisha Kuhusu Firefox. Ukurasa huo haukuonyeshi namba tu. Kuufungua kwenyewe hukifanya kivinjari kitafute toleo jipya papo hapo.

Wengi huishia kwenye tarakimu za mwanzo. Septemba 2023 ilitoka dharura ya CVE-2023-4863 (CVE ni namba ya utambulisho wa dosari ya usalama), dosari kwenye libwebp, maktaba ya msimbo inayotumiwa na programu nyingi kufungua picha za WebP, na tayari ilikuwa ikitumiwa na washambuliaji. Marekebisho ya Chrome yalikuja katika toleo 116.0.5845.187. Mtu aliyesema "mimi nina 116, niko salama" angeweza kuwa bado na dosari ileile, kwa sababu toleo lolote la 116 lenye tarakimu za mwisho ndogo kuliko hizo halikuwa na dawa. Linganisha makundi yote manne ya tarakimu na yale yaliyotajwa kwenye tangazo la usalama.

Dalili ya 1: "Nimesasisha, lakini namba ya zamani bado ipo"

Hii ndiyo naiona kuliko zote, na ndiyo inayowaacha watu wazi kwa muda mrefu bila kujua.

*Kisababishi cha kwanza, na kwa mbali: hukukifunga kivinjari ukakifungua upya.* Sasisho hupakuliwa kimyakimya na kukaa kwenye diski, lakini kilichomo kwenye kumbukumbu ni programu ya zamani. Kama una vichupo arobaini ambavyo hutaki kuvipoteza, andika chrome://restart. Chrome itajifunga na kurudi na vichupo vyako. Kumbuka kwamba dirisha la faragha halirudishwi. Kwenye Mac, kufunga dirisha si kufunga programu: bonyeza Command na Q. Kwenye Windows, Chrome inaweza kuendelea chinichini hata baada ya kufunga dirisha la mwisho, kwa hiyo angalia ikoni yake karibu na saa, au zima mpangilio wa kuendesha programu za chinichini.

Chrome yenyewe hukukumbusha kwa rangi pembeni juu. Kijani maana yake sasisho lilitoka chini ya siku 2 zilizopita, rangi ya chungwa kama siku 4, na nyekundu wiki moja au zaidi. Usisubiri nyekundu. Dosari ikishatangazwa na kurekebishwa, yeyote mwenye ujuzi anaweza kulinganisha msimbo wa zamani na mpya akaona kosa lilikuwa wapi.

*Kisababishi cha pili: sasisho halijakufikia.* Watengenezaji hulisambaza kwa awamu, siku kadhaa. Kufungua ukurasa wa toleo kwa mkono mara nyingi hulileta hapohapo.

*Cha tatu: kompyuta ni ya kazini na masasisho yanasimamiwa.* Ukiona maneno yanayosema kivinjari kinasimamiwa na shirika lako, fungua chrome://policy uone kama masasisho yamezuiwa. Hapa simama. Usijaribu kukwepa sera za ofisi kwa kusakinisha kivinjari kingine kwa siri. Mpelekee mtu wa TEHAMA namba ya CVE na namba ya toleo lako. Taarifa hizo mbili zinamtosha kuanza kazi.

*Cha nne: kisasishaji kimeharibika au diski imejaa.* Futa mafaili usiyoyahitaji ili kupata nafasi, kisha pakua kisakinishi kipya kutoka tovuti rasmi ya mtengenezaji na ukiendeshe juu ya kilichopo. Alamisho na nywila zako hazipotei kwa kufanya hivyo.

*Cha tano, kigumu kuliko vyote: mfumo endeshi ni mzee.* Kwenye Windows 7 na 8.1 Chrome ilikomea toleo 109, mwanzoni mwa 2023. Hapo ukurasa unaweza kusema hakuna sasisho, na ni kweli, lakini si kwa sababu uko salama. Ni kwa sababu hakuna tena anayekutengenezea. Mozilla iliendelea kwa muda kutoa marekebisho ya usalama kwa mifumo hiyo kupitia Firefox ESR 115, toleo linalotunzwa kwa muda mrefu, lakini hilo ni daraja la kuvukia. Usiweke makazi juu yake.

Watumiaji wa Linux wana dalili yao. Firefox inakataa kufungua vichupo vipya na kuomba ianzishwe upya. Wengi hudhani imeharibika. Kilichotokea ni kwamba kisimamizi cha vifurushi kimebadilisha mafaili yake ingali inaendeshwa. Iwashe upya, yatakwisha.

Dalili ya 2: Kichupo kimoja kinajifunga, vingine viko sawa

Vivinjari vya sasa hugawa kurasa katika michakato tofauti, kila mmoja ndani ya kizimba chenye ruhusa chache. Kichupo kimoja kufa peke yake kunaonyesha mgawanyo huo unafanya kazi.

Chrome hutoa msimbo wa kosa chini ya ujumbe. Usome kabla ya kuufunga, maana ndio unaotenganisha visababishi:

- Ujumbe unaosema kumbukumbu imeisha una maana hiyohiyo. Ukurasa ni mzito au RAM ni ndogo. Kwenye Chrome ya Windows bonyeza Shift na Esc uone kichupo kipi kinakula zaidi. Kwenye Firefox fungua about:processes.
- STATUS_BREAKPOINT kwenye Windows, au SIGTRAP kwenye Mac na Linux, mara nyingi ni kivinjari kujisimamisha chenyewe baada ya ukaguzi wa ndani kuona jambo lisilotakiwa. Kuna kosa mahali, lakini kivinjari kimeona heri kife kuliko kuendelea nalo.
- STATUS_ACCESS_VIOLATION kwenye Windows, au SIGSEGV kwingineko: programu imegusa kumbukumbu isiyo yake. Ujumbe huu ndio unaowatisha watu, na kweli dosari ya kumbukumbu inaweza kuonekana hivi. Lakini kiendelezi kibovu, antivirusi inayojipenyeza ndani ya kivinjari, draiva mbovu na RAM yenye hitilafu huonekana hivihivi.

Jaribio la kwanza: fungua ukurasa huohuo kwenye dirisha la faragha, ambamo viendelezi huzimwa isipokuwa vile ulivyoviruhusu mwenyewe. Ukifunguka, zima viendelezi vyote, kisha uviwashe kimoja kimoja. Kwenye Firefox tumia hali ya utatuzi: kwenye Windows, shikilia Shift unapoifungua. Usipofunguka, tengeneza wasifu mpya wa mtumiaji ujaribu humo. Ukigoma hata humo, ujaribu kwenye kompyuta nyingine yenye toleo lilelile.

Hapo ndipo jambo linapokuwa zito. Ukurasa ambao unakiua kivinjari kilichosasishwa, kila unapoufungua, kwenye mashine mbili tofauti, huenda umegusa dosari halisi. Acha kuujaribu. Usisambaze kiungo chake kwenye makundi ya gumzo ili wengine "waone", na usiuweke ukurasa huo hadharani. Uripoti kwenye mfumo wa ripoti za hitilafu wa Chromium, au ule wa Mozilla uitwao Bugzilla, ukichagua kwamba ni suala la usalama ili ripoti ifichwe hadi dawa ipatikane. Ambatanisha namba ya ripoti kutoka chrome://crashes au about:crashes. Google na Mozilla wote hulipa zawadi kwa dosari za usalama zinazothibitishwa, kwa hiyo kunyamaza na kuripoti kwa njia hiyo kuna faida kwako pia.

Dalili ya 3: Kivinjari chote kinajifunga, kwenye tovuti yoyote

Kadiri dalili inavyotapakaa, ndivyo uwezekano wa shambulizi unavyopungua na uwezekano wa tatizo la kompyuta yako unavyoongezeka. Fuata mpangilio huu.

Zima kwanza kuongeza kasi kwa maunzi kwenye mipangilio ya mfumo ya kivinjari, kisha ukiwashe upya. Kikitulia, kosa liko kwa draiva ya kadi ya grafiki. Isasishe kutoka kwa mtengenezaji wa kadi au wa kompyuta, halafu urudishe mpangilio ule.

Pili, angalia antivirusi au programu nyingine inayojiingiza kwenye kivinjari. Isasishe. Kama unataka kuizima ili kupima, fanya hivyo kwa dakika chache tu huku ukiwa kwenye tovuti unazoziamini, kisha uiwashe.

Tatu, jaribu wasifu mpya.

Nne, pima RAM. Kwenye Windows andika mdsched.exe kwenye sehemu ya kutafuta na uache kompyuta ijipime inapowaka. Memtest86+ ni kali zaidi, na inafaa kuachwa usiku kucha. Hata kosa moja linatosha kuihukumu RAM. Kivinjari huonyesha ubovu huu mapema kuliko programu nyingi kwa sababu kinatumia kumbukumbu nyingi, na kwa muda mrefu.

Tano, prosesa. Hili ni nadra, lakini baadhi ya Intel Core za kizazi cha 13 na 14 za kompyuta za mezani zilikumbwa na tatizo la volteji lililofanya programu zijifunge ovyo, na mwaka 2024 Intel ikatoa marekebisho yanayokuja kupitia sasisho la BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta. Sasisho hilo huzuia uharibifu. Halitibu prosesa iliyokwisha kudhurika.

Kwenye hatua ya nne na ya tano simama uite fundi kama hujawahi kufungua kompyuta au kusasisha BIOS. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS, kompyuta inaweza isiwake tena. Nakili data zako muhimu kabla fundi hajaigusa, kwa sababu RAM mbovu huharibu pia mafaili unayoyahifadhi.

Dalili ya 4: "Nilihamia kivinjari kingine, lakini tangazo linasema nacho kina dosari ileile"

Ndiyo, na si bahati mbaya. Edge, Brave, Opera na Vivaldi zimejengwa juu ya Chromium kama Chrome. Dosari ya V8, injini ya JavaScript ya Chromium, ikitangazwa leo, kutoka Chrome kwenda Brave hakukuokoi. Unachosubiri ni kila mmoja atoe sasisho lake. Ukitaka kukimbilia injini tofauti hadi dawa ifike, nenda Firefox, au Safari kama uko kwenye Mac. Kwenye iPhone vivinjari karibu vyote hutumia WebKit, injini ya Apple, kwa hiyo marekebisho huja na sasisho la iOS lenyewe. Kusasisha programu ya kivinjari peke yake hakutoshi.

Kisa cha libwebp kilionyesha jambo hili kwa upana zaidi. Dosari haikuwa ya kivinjari kimoja. Ilikuwa ya maktaba waliyokuwa wanaitumia wote. Firefox iliitibu katika toleo 117.0.1, na programu za mezani zilizojengwa kwa Electron, zana ya kutengeneza programu kwa teknolojia ya wavuti, zikalazimika kusasishwa moja moja, kwa kuwa kila moja hubeba Chromium yake tumboni. Kwa hiyo ukimaliza kivinjari, pitia pia programu za gumzo na za kazi. Kwenye Android fungua Play Store usasishe vitu viwili: Chrome, na Android System WebView, ambayo programu nyingine huitumia kuonyesha kurasa za wavuti.

Kama huwezi kusasisha kwa sasa, punguza eneo la kushambuliwa. Sehemu ya injini ya JavaScript inayotafsiri msimbo kwa kasi ndiyo chimbuko la dosari nyingi. Chrome inaruhusu kuizima kupitia chrome://settings/content/v8, na Edge ina hali ya usalama ulioimarishwa. Kwenye iPhone kuna Lockdown Mode, hali ya ulinzi mkali iliyokuja na iOS 16 mwaka 2022. Baadhi ya tovuti zitakuwa nzito. Ni adha inayovumilika kwa siku chache.

Dalili ya 5: Ukurasa unasema "kivinjari chako kimepitwa na wakati, pakua sasisho hapa"

Funga kichupo. Hakuna tovuti ya habari, ya muziki wala ya filamu inayosambaza masasisho ya kivinjari, na wahalifu wanajua kwamba habari za dosari zikivuma watu hubofya kwa hofu. Sasisho halali liko ndani ya menyu ya kivinjari chenyewe au kwenye duka rasmi la programu. Kama umelipakua faili ila hujalifungua, lifute. Kama umelifungua, nenda dalili ya 6 moja kwa moja.

Dalili ya 6: Nilikuwa na toleo bovu na nilifungua kiungo cha kutiliwa shaka

Oktoba 2024 Mozilla ilirekebisha CVE-2024-9680, kosa la kutumia kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa kwenye sehemu ya Firefox inayosimamia michoro inayosogea (animation). Dawa ilitoka katika toleo 131.0.2. Watafiti wa kampuni ya usalama ya ESET walioigundua walieleza kwamba kundi la wadukuzi la RomCom liliiunganisha na dosari ya Windows, CVE-2024-49039, ili kutoka kizimbani, na kwamba mlengwa hakuhitaji kubofya chochote baada ya ukurasa kufunguka. Ndiyo maana "sikupakua kitu" si ushahidi kwamba hakikuingia kitu.

Sasisha kivinjari na mfumo endeshi mara moja, vyote viwili, kwa sababu mashambulizi kamili mara nyingi huhitaji dosari kila upande. Kisha, kutoka kifaa kingine unachokiamini, ondoa vipindi vyote vilivyo wazi (yaani toka kwenye vifaa vyote vilivyoingia) kwenye akaunti za barua pepe, benki na mitandao ya kijamii. Watu wengi hubadilisha nywila wakaishia hapo. Vidakuzi (cookies) vilivyoibwa, ambavyo hukitambulisha kivinjari kuwa tayari umeingia, vinaweza kumwacha mwizi ndani hata baada ya nywila kubadilika, mradi kipindi hakijafungwa. Baada ya hapo badilisha nywila na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Mwisho pima kompyuta kwa antivirusi, ukijua kwamba kutopata kitu si uthibitisho kamili.

Simama na uite mtaalamu endapo moja ya haya lipo:

- kuna miamala au kuingia kwenye akaunti usikokutambua (piga benki kwanza, mengine baadaye);
- kompyuta ni ya mwajiri au ina data za watu wengine, mfano wagonjwa au wateja;
- programu ya ulinzi imezimika yenyewe na haikubali kuwashwa;
- wewe ni mwandishi wa habari, mwanasheria, mtetezi wa haki au mtu mwingine anayeweza kulengwa kwa kazi yake.

Katika hali hizo usifute chochote, usiendeshe programu za "kusafisha" na usisakinishe mfumo upya. Tenganisha kifaa na mtandao, kiache kama kilivyo, na uandike saa, kiungo na namba ya toleo uliyokuwa nayo. Walio kwenye kundi la mwisho wanaweza kuwasiliana na dawati la usalama wa kidijitali la Access Now, linalosaidia asasi za kiraia na wanahabari saa 24. Wawasiliane kwa kutumia kifaa kingine.